Kompyuta ya Kukimbia Nayo

Hadado, 9 Septemba 2025

Hibo, hooyo,

Assalamu alaykum, mwanangu. Mlingoti wa simu bado uko chini, basi nakuandikia. Mwalimu Kalla alinifundisha herufi kwa Kiswahili pale darasa la watu wazima, kwa hiyo leo hata hasira yangu itabidi iongee Kiswahili.

Alio ameshusha magunia kwenye lori, amekunywa chai yangu vikombe viwili, ndipo akaniambia. Anasema alikukabidhi kompyuta mlangoni mwa hosteli. Ukafungua kitambaa, ukaitazama, ukasema, "Si hii." Basi. Hukusema alhamdulillahi. Hukuuliza kama mama yako yuko salama. "Si hii," kama mtu aliyeletewa chai bila sukari hotelini.

Nani alikufundisha kukataa kitu mbele ya dereva? Dereva ni redio. Habari hiyo iko kisimani tayari, wanawake wanachota maji na jina lako. Leo asubuhi jirani yetu Weris ameniuliza, "Kumbe mtoto wako siku hizi anachagua?" Nikamwambia mtoto wangu ana homa.

Ile kompyuta ni nzuri. Ina rangi ya fedha, nyembamba kama mkate wa anjera, ina tofaha nyuma. Kaka yangu Bulle, abti yako, alitembea maduka manne mpaka viatu vikamuuma. Yeye ndiye aliyechagua, na Bulle hajawahi kudanganywa katika kuchagua kitu chochote chenye miguu au kisicho na miguu. Mimi niko huku na mbuzi, ningejua nini?

Niambie ina ubaya gani. Ni kilema? Imevunjika? Kama si kilema wala haijavunjika, basi kilema ni hizo adabu zako, na hizo sikuzinunua dukani.

Unakula? Alio anasema umekonda. Hilo nalo ameliambia kisima.

Mama yako,
Saynab


Garissa, 15 Septemba 2025

Hooyo,

Wa alaykum salaam, mama. Nakula.

Mwezi wa saba, kabla sijarudi chuoni, nilikuandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa ili usome bila taabu. Niliandika: NYEUSI, YA WINDOWS, HATA KAMA NI MTUMBA, HATA KAMA NI NZITO. Nikachora na picha. Nikataja duka la Siyad, kwa sababu niliiona mimi mwenyewe pale kwenye rafu ya chini. Nikakuambia mpe abti karatasi hii. Sasa naletewa kitu ambacho hakimo kwenye karatasi, halafu naambiwa sina adabu.

Nisikilize, nitaeleza mara moja. Kompyuta zina koo mbili kubwa. Hii ya tofaha ni ukoo mmoja, zile za Windows ni ukoo mwingine. Hii si mbaya. Ni kitu kizuri kuliko chochote nilichowahi kushika. Lakini programu ya ramani tunayofundishwa hapa imetengenezewa ule ukoo mwingine, na kwenye hii haiingii. Mwalimu ameshasema hataki kazi iliyofanywa kwa programu nyingine yoyote. Wewe umenitumia farasi wa mbio, hooyo, na mimi nahama. Nyumba nitaipakia wapi?

Ramani yangu ni ya visima vya Hadado. Siku ya mwisho ya kuipeleka ni tarehe 14 Novemba. Nisipoipeleka narudia mwaka mzima. Maabara ya chuo ina kompyuta tisa zinazofanya kazi na sisi tuko sitini, na inafungwa saa kumi na mbili jioni. Leo nimekaa kwenye foleni tangu asubuhi nikapata dakika arobaini.

Abti Bulle anapenda kinachong'aa, kila mtu anajua. Ana saa mbili za mkononi na hajawahi kufika mahali kwa wakati. Nimemwandikia ujumbe nikamwambia hivyo hivyo. Nimemwambia pia ni dalali wa kununulia maonyesho, si wa kununulia kazi. Simu zake sipokei.

Hibo


Soko la mifugo, Garissa, 17 Septemba 2025

Kwa Hibo binti Saynab, msomi,

Simu zangu hupokei, nikija hosteli mlinzi ananiambia umelala saa nne asubuhi. Basi nakuandikia nyuma ya karatasi ya mnada, utanisamehe alama za kwato za mbuzi.

Ujumbe wako nimeusoma. Nimewasomea na wenzangu, maana peke yangu sikuamini. Mzee mmoja amesema msichana anayemwandikia abti yake hivyo, au amerukwa na akili au ana haki. Wengine wanabisha ni lipi.

Sikia. Mimi tofaha silitaki. Tunda lenyewe limeshang'atwa na mtu kabla halijafika dukani. Ingekuwa mbuzi ana alama ya meno namna ile ningepunguza bei au ningeondoka. Karatasi yako nilikuwa nayo mfukoni. Ile nyeusi niliishika kwa mikono hii miwili, nikaipangusa vumbi, nikasema, "Hii ndiyo."

Kwa nini niliirudisha kwenye rafu, usiniulize mimi. Unajua kazi yetu. Mkono wangu ukishaingia chini ya kitambaa na mkono wa mtu, vidole vikaelewana bei, maneno ya yule mtu hayatoki kinywani mwangu hata nikikatwa. Dalali haaniki siri ya mnunuzi wake. Niite mpenda maonyesho, nitavumilia. Saa zote mbili zinafanya kazi, kwa taarifa yako.

Abti yako,
Bulle


Garissa, 19 Septemba 2025

Hooyo,

Abti ameandika "mnunuzi wake." Nikajiuliza, mnunuzi gani? Si ni yeye aliyetumwa?

Nikaenda kwa Siyad. Nikamwuliza nani alinunua ile ya tofaha. Akasema, "Si mama yako? Alikaa kiti hicho hicho, akanywa maji, akatembea na kompyuta humu dukani kama bibi harusi."

Ulikuwa Garissa.

Ulikuwa Garissa na hukuja kuniona. Kutoka kwa Siyad hadi hosteli ni mtaa wa tatu. Ningetembea kwa miguu mitupu. Sijakuona tangu mwezi wa saba, nimekuota mara ngapi, na wewe ulikuwa mtaa wa tatu, ukanywa maji ya Siyad, ukapanda lori ukarudi. Kisha ukaandika, "Mimi niko huku na mbuzi, ningejua nini?"

Halafu nikajiuliza kitu kingine. Kitu gani kilikuleta Garissa ambacho abti asingeweza kukipokea peke yake? Nikaenda sokoni, upande wa ngamia. Nikamwuliza mchungaji wa pale kama ameona ngamia jike mweupe, sikio la kushoto lina pengo. Akasema aliondoka na wale wa kusafirishwa, mwezi uliopita. Akasema alisumbua kupanda.

Ngamia huyo, Adey, alikuwa wangu. Mama yake Adey ndiye ngamia ambaye baba alimfungia kitovu changu siku kilipokatwa, awe wangu yeye na uzao wake, na wewe ndiye uliyenisimulia tangu nikiwa mdogo: huyu si wa nyumba, huyu ni wa Hibo, hata njaa ikija hatuli wa Hibo. Nilipokuwa na surua nililala ubavuni mwake. Umemwuza bila kuniuliza, ukanunua nisichokiomba, ukamwachia abti lawama.

Sina la kuongeza. Nina mengi ya kuongeza lakini wewe ni mama yangu.

Hibo


Hadado, 28 Septemba 2025

Hibo,

Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, mbuzi wakisikiliza. Sasa kaa chini usome yangu.

Ndiyo, nilikuwa Garissa. Nilipanda lori la Alio nyuma, nimeshika kamba ya Adey njia nzima, kwa sababu hakuwa amewahi kupanda gari na alikuwa akitetemeka. Siku mbili. Asubuhi Bulle akatoa mkono, mnunuzi akatoa mkono, kitambaa kikafunika, vidole vikaongea. Mimi nilitazama upande wa ukuta. Sasa ulitaka nije hosteli na harufu ya Adey mikononi? Ungeniuliza, "Hooyo, umekuja na nini?" Ningelia, nawe ungesema arudishwe, na ungeacha chuo. Nakujua. Mlango wa hosteli yako niliuona. Ni wa kijani. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka muadhini akaadhini, kisha nikarudi kwenye lori, nikamwapisha Alio asiseme, akuletee kompyuta safari ijayo.

Hasira ya Adey naipokea. Mali ya mtoto haiuzwi mtoto asipoulizwa, na mimi niliuza. Hiyo nitaijibu mbele ya Mungu na kwako. Bulle mwombe radhi, alifunga mdomo kwa ajili yangu. Lakini hasira ya kompyuta siipokei. Hiyo rudi nayo.

Karatasi yako niliielewa. Usidhani sikuielewa. Bulle aliishika ile nyeusi, nikamwambia nipe. Nikaibeba. Ilikuwa kama mtoto wa mwaka. Nikamwuliza Siyad, "Hii inakaa saa ngapi bila waya?" Akasema saa mbili, ikijitahidi tatu. Basi msichana wangu atakaa wapi? Atakaa penye stima, na watu wengine penye stima, mahali pamoja kila siku, kila mtu akijua yuko pale. Nikauliza, "Na ile nyembamba?" Akasema inakaa kutwa nzima. Nikaibeba. Kama sahani. Nikaiweka chini ya buibui, ikapotea. Nikatembea haraka hadi mlangoni na kurudi, wanaume wananitazama, waache watazame. Nikamwambia Bulle, hii. Bulle akasema, "Lakini mtoto ameandika." Nikamwambia, leo mnunuzi ni mimi. Nikamwuliza Siyad jambo moja tu, Bulle yuko, "Binti yangu anachora ramani. Hii inachora ramani?" Akasema, "Mama, hii inafanya kila kitu."

Wewe Diff, kule tulikokaa kabla ya Hadado, huikumbuki. Ulikuwa mgongoni. Siku ile bunduki zilipoanza upande wa mpaka, tulitoka wanawake saba kwenye nyumba zetu. Khadra alikuwa jirani yangu, tulikuwa tukichanganya unga. Alikuwa na cherehani, ya chuma, ya kukanyaga, ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Tulipofika kwenye korongo akasimama. Akasema, "Nimeiacha." Nikamwambia tutapata nyingine. Akasema, "Lini?" Akarudi. Tulimwona akitoka mlangoni amekikumbatia kile kichwa cha chuma cha cherehani, anajaribu kukimbia, na mtu aliyekumbatia chuma hakimbii, Hibo. Anatembea haraka tu.

Siku ya pili ndipo wanaume walipokwenda kumchukua wamzike.

Kwa hiyo usiniambie sijui mashine. Kweli, mashine sijui. Lakini kukimbia nakujua, na wewe hukujui, na ulipo ni mji ambao mimi silali vizuri ukiwa ndani yake. Wewe ulichagua ya kuchorea. Mimi nilichagua ile ambayo msichana anaweza kukimbia nayo. Na ningechagua hiyo hiyo leo.

Mama yako,
Saynab


Garissa, 4 Oktoba 2025

Hooyo,

Abti nimemwomba radhi. Ameipokea, akaniambia nimletee miraa kidogo kama faini. Nimempelekea tende.

Habari ya Khadra hukuwahi kunisimulia. Miaka yote hii nilikuwa nikijua tulitoka Diff kwa sababu ya malisho. Kwa hiyo sasa nina hasira ya tatu. Unanificha ngamia, unanificha safari, unanificha mtu aliyekula unga wetu.

Nimelia, sikatai. Lakini nikimaliza kulia bado nina ramani ya kuchora, na siku arobaini.

Hooyo, umeninunulia ya kukimbilia. Mimi niliomba ya kukalia. Kama maisha yangu ni ya kukimbia tu, basi ningebaki Hadado, huko uwanja ni mpana zaidi. Mimi naogopa pia. Ukidhani siogopi umekosea. Kila nikiingia darasani naangalia mlango wa pili uko wapi, kisha nafungua daftari. Siwezi kusoma kwa mguu mmoja, mwingine uko nje. Na hao wanaochora ramani za visima vyetu wako mbali, hawajawahi kuchota hata ndoo. Kisima kikifa leo wao wanakijua mwaka ujao, na lori la maji linatumwa mahali pasipo na mtu. Mimi ninavijua kwa majina. Ndiyo maana nahitaji hiyo nzito.

Unasema ungechagua hiyo hiyo leo. Sawa. Njoo uniambie usoni. Njoo na hasira yako, nami nitakuja na yangu, twende wote kwa Siyad. Ile kompyuta iko chini ya kitanda ndani ya kitambaa chako kile kile. Sijaiwasha hata mara moja. Nilikuwa na hasira mno hata kuigusa.

Na ukipita tena ng'ambo ya mlango wa kijani bila kubisha, sitakusamehe.

Hibo


Soko la mifugo, Garissa, 15 Novemba 2025

Walaal Saynab, dada yangu,

Nakuandikia kukulaumu. Tangu ulipoondoka sina amani hapa sokoni.

Watu hawataki bei tena, wanataka kisa. Niwaambie jinsi ulivyoketi kwenye kizingiti cha Siyad, wewe upande huu na Hibo upande ule, hamuongei ninyi kwa ninyi, na mteja hawezi kuingia bila kuruka mama wa watu. Niwaambie Siyad alivyosema, "Mama, hii si ngamia, haya ni mambo ya kompyuta, kikitoka dukani kimetoka." Ukamwuliza, "Mtu akifunga kiwele cha ngamia siku nzima maziwa yajae, halafu aniambie huyu anakamuliwa, akifika kwangu hana kitu, dini inasemaje?" Siyad akasema, "Anarudishwa ndani ya siku tatu, na sasa miezi miwili imepita." Siku hiyo, walaal, nilijua mbona marehemu baba yetu alikuwa akijificha ukikasirika. Ulisema, "Siku tatu zinahesabiwa tangu mnyama aanze kukamuliwa. Huyu hajakamuliwa. Washa uone."

Akawasha. Ikamsalimia kama mgeni, ikamwuliza yeye ni nani na anatoka nchi gani. Haikuwa imemjua mtu. Wazee waliokuwa wakinywa chai mlangoni wakacheka mpaka mmoja akatafuta dawa ya pumu. Nami nikaulizwa nishuhudie alivyosema "inafanya kila kitu," nikashuhudia. Aliyesema vile ni muuzaji, siri ya muuzaji sikuapa.

Sasa wachuuzi wa mbuzi wananiita kaka wa hakimu. Siyad ananisalimia kwa kidevu.

Lakini nimekuandikia hasa kwa hili. Mtoto amepeleka ramani juzi, tarehe 13, siku moja kabla. Mwalimu wake amempa mkono. Amenipa nakala nikutumie, iko ndani ya bahasha, usiikunje. Ile nyeusi inafanya kazi kama punda: inapiga kelele, inatoa joto, inakwenda. Ila nimemwona barabarani ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Nakuambia wewe.

Kaka yako,
Bulle


Hadado, 24 Novemba 2025

Hibo, hooyo,

Ramani imefika. Nimeibandika ukutani juu ya debe la unga. Mwalimu Kalla amekuja kuiona, Weris amekuja kuiona, na Alio, ambaye sasa anatangaza kisimani kwamba ni yeye aliyeibeba hiyo kompyuta mara ya kwanza. Nimeisoma yote, kila jina. Kisima cha nne, kile cha kuelekea bonde, umekiandika kina maji. Kimekauka tangu Julai. Ungeniuliza. Unanilaumu mimi sikuulizi, na wewe huniulizi. Kirekebishe kabla watu hawajapeleka mifugo pale ikafa kwa kosa letu.

Mtoto wa Adey, aliyebaki nyumbani nilipomwuza mama yake, amenyonyeshwa na ngamia mwingine na amekubali. Ni jike. Ni wako. Sitamfanyia kitu chochote mpaka uniambie wewe, kwa mdomo au kwa maandishi.

Bado nina hasira. Nilidhani nikirudi nyumbani itakwisha, haijakwisha. Siku ile Bulle alipoandika umeikumbatia kifuani kwa mikono miwili, nilitoka nje nikakaa na mbuzi mpaka jua likapanda.

Basi nimefanya hivi. Ndani ya mzigo huu utaona mkoba. Ngozi ni ya yule beberu mwekundu. Kamba ni za hatamu ya Adey, ile niliyoishika kwenye lori. Nilirudi nayo sikujua ya nini. Nimezifumua nikazisuka upya, nyuzi sita sita, kamba mbili za mabegani na moja ya kiunoni. Kipimo nimekipima kwa jiwe la kusagia, na Siyad alinipa uzito wa ile nyeusi nilipomwuliza siku ile tuliyobadilisha, ingawa alijibu kwa kidevu. Inakaa mgongoni, juu, pale ulipokuwa ukikaa wewe. Kamba ya kiunoni funga kwa nguvu. Mikono yote miwili inabaki huru.

Ukiwa darasani ivue, kaa ufanye kazi, sitasema kitu. Ukisimama ivae. Hata ukienda chooni ivae. Usiibebe mkononi hata hatua moja, usiikumbatie, nimekwisha kukuambia.

Ukiupata mkoba, kabla hujamwonyesha mtu, ingiza kompyuta humo, toka uwanjani, kimbia hadi ukutani na kurudi. Uone kama inakugonga mgongo. Kama inagonga niandikie ni wapi, nitaongeza ngozi. Usiniandikie iko sawa kama hujakimbia. Nitajua.

Mama yako,
Saynab